Mjomba Alikuwa Akimeza Nyembe

Mjomba wangu alikuwa akimeza nyembe. Alizihesabu kwa sauti pamoja na darasa zima, moja, mbili, mpaka kumi, akazitia kinywani, akafuatishia uzi, akanywa maji kwa kikombe cha bati na kujipiga kofi la tumbo. Kisha aliushika uzi kwa ncha za vidole akawa anauvuta polepole, na nyembe zikatoka zimetungika kama samaki kwenye ukuti.

Waliosoma shule za msingi Tanga miaka ya 1990 wanayajua mazingaombwe ya namna hiyo. Mwalimu anatangaza mstarini kwamba kesho kila mtoto aje na shilingi 20, na kesho yake madirisha ya darasa yanazibwa kwa kanga ili wasiolipa wasichungulie. Mimi sikulipa. Nilikaa mstari wa mbele kwa kiburi cha mpwa, na bado sikuona nyembe zilipitia wapi.

Mwaka 2016 nilianza kuchora riwaya ya picha, ya watu wazima, kuhusu familia yenye uchawi wa siri. Riziki yangu ni kuandika mabango: vibao vya maduka, migongo ya bajaji, ukuta wa kinyozi. Nilichora usiku, watoto wakilala. Ilinichukua miaka sita, na katika miaka hiyo nilikosea mengi ambayo ningependa mwenzangu anayeanza asiyarudie, ingawa najua atayarudia tu.

Familia ya kitabu changu inakaa Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, katika nyumba ya Kiswahili yenye baraza mbele na ukumbi unaopita katikati mpaka uani. Mchana baba na watoto wanazunguka mashuleni na sanduku la mazingaombwe. Usiku watu wenye shida wanaingia kwa mlango wa uani. Wazo lenyewe lilikuwa hilo: nani atamshuku mtu ambaye kila mmoja anajua kwamba kazi yake ni kudanganya macho? Akifanya jambo la kweli mbele yako, utapiga makofi na kutafuta uzi uko wapi.

Nilidhani taabu itakuwa kuchora mikono. Mikono inawashinda wachoraji wengi, mimi mmoja wao. Kumbe taabu ilikuwa kuwapa watu hawa jina. Mchawi, kwa Kiswahili chetu, hana upande mzuri hata mmoja. Mganga ana kibao njia panda na namba ya simu, siri yake iko wapi? Mwanga anawanga, basi. Fundi ni neno la heshima, lakini hata wa cherehani ni fundi. Anayesoma hadithi kama hizi kutoka Uingereza au Marekani hapati shida hiyo, kwa sababu kule mtu mwenye fimbo na kofia ndefu amekwisha kuwa mchezo. Kwetu, neno lenyewe bado linauma.

Jina la kwanza la mswada lilikuwa na neno "wachawi". Nililipenda, nikaona litauza. Nikampelekea dada yangu jalada, akalitazama kwa muda, akasema, "Hilo neno ndilo lililomhamisha mjomba."

Nilikuwa darasa la tano. Mtoto wa jirani alishikwa na homa siku mbili baada ya mazingaombwe, na usiku akawa anaweweseka, anataja nyembe. Mama yake alisema hivyo kisimani. Hakuna aliyekuja na panga, wala aliyetukana. Salamu tu zilianza kufupishwa. Mkaza mjomba alikuwa akikaanga vitumbua kila alfajiri, na saa mbili asubuhi beseni lilikuwa tupu. Wiki ile vitumbua vilianza kulala. Watu wa mtaa uleule uliokuwa ukimgongea mlango alfajiri, "mama, nibakizie vinne", sasa walipita upande wa pili wa barabara na kununua maandazi. Yule mtoto alipona, tena mapema. Vitumbua havikununuliwa tena. Mwezi haukuisha, wakapakia vyombo usiku kwenye mkokoteni na kuhamia kijiji kimoja njia ya Pangani. Mjomba hakufanya tena mazingaombwe. Aliuza nazi mpaka alipofariki mwaka 2011.

Na huo ulikuwa unafuu. Usukumani vikongwe wameuawa kwa kuwa na macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa jiko la miaka hamsini. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, iliyotungwa na Waingereza, bado iko vitabuni, na inamtia hatiani hata mtu anayejitangaza tu kwamba ana nguvu hizo. Nilipoisoma ndipo nilipoelewa kwa nini familia yangu ya kwenye karatasi ilikuwa na haja ya kujificha. Nilikuwa nimewapa siri kwa sababu hadithi za uchawi huwa na siri, nikasahau kuwapa cha kuogopa.

Nikalifuta lile neno kwenye jalada. Ndani ya kitabu linatamkwa na majirani peke yao, mara nne. Wenyewe hawajiiti chochote. Wanasema "kazi". Leo kuna kazi. Baba yenu ametoka kazini, msimsemeshe. Kila familia ina neno la namna hiyo, ambalo mgeni akilisikia halimwambii kitu, na nadhani neno hilo moja liliijenga ile nyumba kuliko kurasa zote za moshi na macho yanayowaka nilizokuwa nimezichora kabla.

Sasa nije kwenye nyuki. Novemba 1914 Waingereza walileta jeshi la Wahindi na Waingereza lipatalo watu 8,000 kuiteka Tanga. Wajerumani na askari wao Waafrika walikuwa kama 1,000. Vita vilipopamba moto nyuki walichokozwa mizingani, wakawavamia wapiganaji wa pande zote mbili, na mwisho Waingereza wakarudi melini wakiacha bunduki na risasi ufukweni. Wazungu wenyewe wanaviita vita vya nyuki. Ukikabidhiwa tukio kama hilo na wewe unaandika habari za uchawi wa Tanga, utafanya nini? Nilimchora bibi mmoja amekaa bandani, mtungi mbele yake, anafunua kawa. Kurasa tisa bila neno hata moja. Nilichora nyuki mmoja mmoja kwa miezi mitatu, na mpaka leo sijachora kitu kizuri zaidi.

Nina rafiki fundi baiskeli ambaye husoma kila ninachokichora, mikono ina grisi, kwa hiyo namgeuzia kurasa mimi. Alipomaliza zile tisa akauliza, "Sasa kama bibi ana nyuki wa kufukuza meli, mbona Mwingereza alirudi 1916 akauchukua mji? Na mbona babu yangu alikata mkonge mpaka mgongo ukapinda?"

Sikuwa na jibu, na sikuchora kwa majuma mawili. Nilikuwa nimeweka nguvu isiyo na gharama, na nguvu isiyo na gharama inaitukana historia. Babu zetu hawakuteseka kwa kukosa mtungi. Nikatafuta gharama. Nilijaribu damu, nikajaribu umri, vyote vimechoka, kila mtu ameshavitumia. Mwisho nikaweka sharti hili: kila kazi inakula neno. Ukitibu, ukifunga, ukifungua, neno moja linatoka kinywani mwako na halirudi. Unalijua likitamkwa na mwingine, wewe hulipati tena. Wale nyuki walikula neno "njoo". Mwaka uliofuata mwanawe akachukuliwa kuwa mpagazi wa vita, na bibi akasimama barazani akimtazama anavyokwenda, mdomo wazi.

Ukurasa huo mmoja ulinichukua usiku mmoja. Rafiki yangu hakusema kitu. Alikwenda kunawa mikono, akarudi kuugeuza mwenyewe.

Sharti hilo likaleta jambo ambalo sikulitegemea. Mkubwa wa nyumba katika hadithi ya leo, Bi Mkubwa, amefanya kazi miaka hamsini. Viputo vyake vya maneno vimetoboka, vina mapengo meupe, na msomaji anajaza mwenyewe. Kufika katikati ya kitabu hakuna tena cha kutia kwenye kiputo. Atasemaje? Nilikaa na swali hilo mpaka siku moja nikamwona mke wangu anapita ukumbini na ndoo, na nyuma ya kanga yake imeandikwa HASIDI HANA SABABU. Alikuwa amegombana na mtu bombani. Hakuwa amesema neno.

Basi Bi Mkubwa anasema kwa kanga. Siku posa inapoletwa amevaa USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO, na mle ndani nyota ni nyota kweli, maana posa yenyewe ilipigiwa falaki. Mimi ni mwandika mabango, nikadhani hapa nimefika nyumbani. Wapi. Nilipoyaandika majina ya kanga kwa herufi zangu safi yalionekana kama stika iliyobandikwa juu ya picha. Kitambaa kina mikunjo, na mikunjo inakula herufi. Nikamwomba mke wangu atembee huku na huku, ainame, akae, abebe mtoto, naye akacheka mpaka majirani wakauliza kuna nini. Nikajifunza kwamba herufi ya bango inataka kuonekana, lakini ya kanga inataka kutafutwa. Jambo la pili nilijifunza siku hiyohiyo: kanga, jina lake linakaa nyuma. Pindo pande zote, mji katikati, na jina chini, nalo likivaliwa linaangukia mgongoni kuelekea miguuni. Kwa hiyo Bi Mkubwa akitaka kukwambia kitu lazima akupe kisogo. Picha zake zote za nusu ya pili nikazichora upya, anaondoka, anaingia chumbani, anatoka uani. Wasomaji kadhaa wameniambia mwanamke yule anatisha. Sura yake hawajaiona kwa kurasa sitini.

Mahaba yalinishinda kwa namna nyingine. Kitabu ni cha watu wazima, na mtu wa Tanga ukiandika cha watu wazima bila chumba cha kulala watu watakuuliza umezaliwa wapi. Nikachora kila kitu. Kilitoka kama picha za darasa la baiolojia. Nikafuta, nikabaki na chetezo, moshi wa udi, shanga zimewekwa juu ya kigoda, na mlango. Mke wangu akapitia na kusema sasa ndiyo umekuwa mkubwa.

Mapango ya Amboni niliyaacha kwa makusudi. Kila hadithi ya ajabu ya Tanga inakimbilia Amboni.

Kosa ambalo ningelijutia mpaka kaburini aliniokoa nalo mwalimu wa madrasa, mzee wa mtaani kwetu. Nilikuwa na picha kubwa ya kombe: sahani nyeupe, maandishi ya zafarani, mkono unamwagia marashi ili mgonjwa anywe. Ili ionekane ya kweli nilinakili aya yenyewe, herufi kwa herufi. Nikampelekea nikitaraji sifa. Akavaa miwani, akatazama kwa muda mrefu, akauliza, "Kitabu hiki kikichakaa, kitakwenda wapi?" Nikasema sijui. Akasema, "Mimi najua. Kitakwenda kwa muuza karanga." Nikaiona aya ile imekunjwa pembe, karanga ndani, kisha imetupwa mtaroni. Sikuhitaji fatwa. Nilichora upya, maandishi yakayeyuka tayari katika marashi, yamebaki mawimbi tu. Na picha ikawa nzuri zaidi, jambo lililoniudhi kidogo.

Sikujifunza hapohapo. Kuna talasimu ya miraba tisa ambayo huandikwa kwenye hirizi, namba 1 mpaka 9, juu 4, 9, 2, katikati 3, 5, 7, chini 8, 1, 6, na ukijumlisha mstari wowote, hata wa mshazari, unapata 15. Nikapata wazo, na wazo likanilevya. Nikapanga ukurasa wenye visanduku tisa usomwe kwa kufuata namba: unaanzia chini katikati, unaruka juu kulia, na kuendelea. Niliwapa watu sita. Wote sita walisoma kutoka kushoto kwenda kulia kama kawaida na kuniambia ukurasa huu haueleweki. Nikaubadilisha. Mchoro wa awali nimeuning'iniza juu ya meza.

Uchapaji niupite haraka. Kitabu kinachapwa kwa karatasi kubwa inayokunjwa kuwa kurasa 16, kwa hiyo idadi ya kurasa inakwenda kwa 16. Mimi nilikuwa na 131. Mchapaji akasema lete 128, au lipia 144 na 13 ziwe tupu. Nikaondoa tatu, zile zilizoeleza nguvu za ukoo zimetoka wapi, babu wa Kishirazi, makaburi ya Tongoni, mwezi mpevu. Hakuna msomaji hata mmoja aliyeuliza zilikotoka. Hali ya hewa ya pwani nayo ilinila kurasa: masika karatasi inanyonya unyevu, wino unatambaa kama mizizi, na nikalazimika kuchora na feni imezimwa ili karatasi zisiruke, jasho linadondoka, kitambaa begani kama mpiga debe.

Duka moja la vitabu lilikipanga kwenye rafu ya watoto, kati ya alfabeti na wanyama wa porini. Siku ya tatu mama mmoja akakirudisha kwa hasira, alimnunulia mwanawe wa darasa la pili. Nilikasirika na mwenye duka, kisha nikalitazama jalada langu: njano, nyekundu, herufi za mviringo kama nilizozoea kuandika kwenye mabango ya aiskrimu. Katuni kwetu bado ni ya mtoto, ingawa sisi wenyewe tulikua tunaficha jarida la Sani chini ya godoro kwa sababu halikuwa la mtoto hata kidogo. Toleo la pili jalada ni jeusi, na kisogo cha Bi Mkubwa.

Kabla ya hilo toleo la pili dada akaniuliza kama nimempelekea mkaza mjomba. Sikuwa nimempelekea. Kitabu chote nilikuwa nimekijenga juu ya beseni la vitumbua vyake na sikumwomba ruhusa, nikijidanganya kwamba ni hadithi ya kubuni, na kwamba yeye si msomaji.

Nikapanda basi la Pangani na kitabu kwenye mfuko wa rambo. Nilimkuta anapalia bustani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

Akanipikia bada na samaki wa nazi. Wakati samaki wako motoni akaketi mkekani, akalowesha kidole na kufunua ukurasa wa kwanza. Alisoma polepole, akisogeza midomo. Mimi nilitazama kuku. Alipofika kwenye ukurasa wa beseni akasimama. Nilikuwa nimechora vitumbua vimejaa, vimefunikwa kanga nusu, jua la saa sita, miguu ya watu inapita upande wa pili wa barabara.

"Beseni lilikuwa la bluu," alisema.

"Kitabu hakina rangi, mama."

"Najua hakina rangi. Nakwambia lilikuwa la bluu." Akanyamaza. "Siku ile ya kwanza vilibaki 46. Nilivihesabu mara mbili, nikidhani nimekosea."

Nikaanza kuomba radhi, maneno yakagongana. Akaniinulia kiganja bila kunitazama, akafunua ukurasa mwingine, na mwingine. Kwenye nyembe akasimama tena, akasogeza kitabu mbali na macho, kisha karibu. Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba.

"Huyu siye mjomba wako. Mjomba wako uzi haukuvutwa hivi. Lete kalamu."

Nikampa. Hakuchora. Aliishika kama uzi, akainua mkono wa kulia mdomoni, na kidole gumba cha mkono wa kushoto kikajikunja ndani ya kiganja, taratibu, bila haraka, mkono wa mtu aliyesimama nyuma ya sanduku lile miaka yote na kumpa mumewe kila alichokinyooshea mkono. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba msaidizi anajua. Nikachukua daftari, nikauchora ule mkono mara tatu, naye akaushikilia vilevile bila kutikisika mpaka nikamaliza.

"Sasa mama," nikasema, "zile nyembe zilikuwa zinapita wapi?"

Akanirudishia kalamu, akainuka kuepua samaki.

"Kula, mwanangu. Bada inapoa."